Dakta Paul Ehrlich na Rangi Isiyoingia Ubongoni

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili alipotutaka sisi wa darasa la juu tuandike maisha ya watu mashuhuri wa zamani, wenzangu wengi walikimbilia wafalme, wasafiri na majemadari. Mimi nimemchagua daktari mmoja wa Kijerumani, mtu mwenye miwani na ndevu, mvutaji mkubwa wa sigara nene, ambaye alikufa mwaka 1915 na hakukanyaga Uganda wala Kenya hata siku moja. Najua baadhi yenu mtauliza ana haja gani na sisi wa Tororo na Busia. Anayo, tena kubwa, lakini nitafika huko kwa taratibu, maana mambo yake yanashikana kama shanga.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854, katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia. Siku zile jimbo hilo lilikuwa la Prussia. Leo limo katika nchi ya Polandi, na mji wenyewe huitwa Strzelin. (Sisi watu wa mpakani hatulioni jambo hilo kuwa la ajabu. Hata mwaka 1902 nchi yote ya mashariki mpaka karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda, kisha kalamu ikapita, na ndugu wa ukoo mmoja wakaamka wako katika nchi mbili.) Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na kiwanda cha kutengeneza pombe kali. Mamaye alikuwa na jamaa mmoja kijana, jina lake Karl Weigert, aliyejifunza udaktari na kutumia rangi za viwandani kupaka vipande vyembamba vya nyama ili avitazame kwa darubini. Mtoto Paul alionyeshwa kazi hiyo, na tangu hapo hakupona ugonjwa wa rangi.

Shuleni alikuwa hodari wa Kilatini na hesabu, lakini insha zilimshinda. Husimuliwa kwamba katika mtihani wa mwisho walipewa kichwa cha insha kilichosema maisha ni ndoto. Wenzake bila shaka waliandika maneno mazuri ya kuwafurahisha walimu. Yeye aliandika kwamba maisha ni kuungua kwa chakula ndani ya mwili kwa nguvu za oksijeni, na ndoto ni mng'ao mdogo wa ubongo unaoungua hivyo. Walimu hawakupendezwa hata kidogo. Mimi nikiwaza habari hiyo huona kwamba tangu ujana wake alikwisha kuamini jambo moja ambalo watu wengi wa kwetu hawajaliamini mpaka leo: kwamba yanayotokea katika kichwa cha mtu, hata ndoto zake, ni kazi ya vitu vinavyoweza kupimwa.

Alisoma udaktari katika Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig, akapata digrii yake mwaka 1878. Meza yake ya maabara ilijulikana kwa mbali, kwani ilikuwa imelowa rangi za kila namna, na vidole vyake vivyo hivyo. Mwaka 1882 alikuwapo Berlin siku Robert Koch alipotangaza kuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Ehrlich akaenda zake usiku ule ule kutafuta rangi iliyo bora kuliko ya Koch. Yasemekana aliacha vioo vyake vikauke juu ya jiko lililokuwa limezimika. Asubuhi mtumishi akawasha moto bila kujua, na ule moto ndio ulioikaza rangi mpaka vijidudu vikaonekana wazi. Mwaka uliofuata alimwoa Bibi Hedwig Pinkus, wakajaliwa binti wawili.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimchague mtu huyu. Mnamo mwaka 1885 Ehrlich alikuwa akitia rangi katika damu ya wanyama walio hai, ili aone ni sehemu gani za mwili zinazoipokea. Akimpasua mnyama baadaye hukuta maini yamepata rangi, figo zimepata rangi, misuli na moyo vimepata rangi. Lakini kwa rangi nyingi kati ya hizo, ubongo ulibaki mweupe, kama kwamba rangi haikupita karibu nao. Naye Ehrlich akajieleza hivi: ubongo haupendani na rangi hizo, kwa hiyo hauzishiki.

Hapo alikosea. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, ndiye aliyekuja kuonyesha kosa. Mwaka 1913 Goldmann aliichukua rangi moja ya buluu akaitia, si katika damu, bali katika yale maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Mara hii ubongo ukawa buluu, na mwili wote uliobaki haukupata kitu. Basi haikuwa kweli kwamba ubongo hauipendi rangi ile. Rangi ilikuwa ikizuiwa njiani. Kati ya damu na ubongo pana ukuta.

Ukuta huo, kama tulivyofundishwa, si kama ukuta wa matofali, na wala hauko mahali pamoja. Ni ile mishipa midogo sana ya damu iliyomo ndani ya ubongo wenyewe. Katika sehemu nyingine za mwili chembe za mishipa hii zina nafasi baina yao, na vitu hupenyeza. Katika ubongo chembe hizo zimeshonwa pamoja kabisa. Kinachotaka kupita lazima kiwe na mlango wake maalum, kama sukari ilivyo na wake, au kiwe kidogo na chenye kuyeyuka katika mafuta, maana ngozi ya kila chembe ni ya mafuta. Pombe ni chembechembe ndogo mno, nayo hupita bila kubisha hodi. Ndiyo sababu wazee waliokaa kuzunguka chungu cha ajono, kila mmoja na mrija wake, huanza kucheka kabla ya maji ya moto kuongezwa mara ya pili, na anayekunywa waragi huwahi zaidi. Bangi nayo huyeyuka katika mafuta. Lakini dawa nyingi nzuri ambazo zingeweza kumsaidia mgonjwa hugota pale mlangoni.

Ehrlich aliona pia kwamba rangi moja ilikuwa na tabia nyingine. Rangi hiyo ni methilini ya buluu. Mwaka 1886 alionyesha kwamba ukiitia katika mnyama aliye hai, yenyewe huacha nyama na kufuata mishipa ya fahamu, mpaka ncha zake za mwisho huonekana kama mizizi ya buluu. Kama rangi hupenda mishipa ya fahamu hivi, aliwaza, haiwezi kuwa dawa yake? Mwaka 1890, pamoja na mwenzake Leppmann, aliijaribu kwa watu wenye maumivu ya mishipa, na mwaka 1891, pamoja na Guttmann, akaijaribu kwa wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin. Wale wawili wakapona. Ilikuwa mara ya kwanza dawa iliyotengenezwa na watu katika kiwanda, si kutoka katika mti wala mzizi, kumponya mtu malaria. (Mkojo wa wagonjwa hao uligeuka buluu, jambo ambalo nadhani liliwatisha kuliko homa yenyewe.)

Rangi hii iliacha uzao. Wataalamu wa kemia waliendelea kuugeuzageuza mwili wake, ambao kiini chake huitwa fenothiazini, na mnamo Desemba 1950 kiwanda kimoja cha Ufaransa kikapata dawa iitwayo klopromazini. Mwaka 1952 madaktari Delay na Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, waliwapa watu waliorukwa na akili, wale waliokuwa wakifungwa na kupiga kelele usiku na mchana, nao wakatulia wakaweza kuzungumza. Katika hospitali za magonjwa ya akili dawa hii ilijulikana zaidi kwa jina la Largactil. Kwa hiyo mtu anayemeza kidonge hicho humeza kijukuu cha rangi ya Ehrlich.

Jinsi inavyofanya kazi ubongoni, hapo pia ni Ehrlich aliyefungua njia. Yeye alifundisha kwamba dawa au sumu haiwezi kufanya lolote mwilini mpaka imepata mahali pa kushika, na kwamba chembe za mwili zina mahali hapo, kila pahali na umbo lake, kama kufuli na ufunguo wake. Wengi walimcheka. Leo twajua kwamba chembe za ubongo hupelekeana habari kwa vitu vidogo vya kemia. Kimoja huitwa dopamini. Chembe moja hukitoa, nyingine hukipokea katika kufuli yake. Dopamini ikizidi mahali fulani, mtu aweza kusikia sauti zisizokuwapo na kuamini watu wote wanamtafuta kumwua. Klopromazini huingia katika kufuli ile ile ikakaa kimya, na dopamini ikija hukuta mahali pamekwisha kaliwa. Afyuni na morfini zina kufuli zao nyingine, zinazohusu maumivu na kupumua. Na mtu akizidisha morfini husahau kupumua akafa.

Kufuli hizo hazikuwekwa mahali pa maradhi tu. Dopamini hiyo hiyo hutumika kuongoza mikono na miguu. Kwa hiyo mgonjwa anayetumia dawa hizi huweza kutetemeka, kukakamaa shingo, au kutembea kama mti. Nimemwona mtu wa namna hiyo katika soko la Busia, watu wakisema kwamba dawa ya hospitali ndiyo iliyomharibu, na jamaa zake wakataka kuiacha. Mimi sikuwa na la kuwaambia siku ile. Sasa ningewaambia warudi kwa daktari, apunguze kipimo au abadili dawa, kwa maana dawa ikiachwa ghafula sauti zile hurudi.

Sasa nije kwetu. Wakati Ehrlich akifanya kazi zake, nchi zetu zilikuwa katika msiba. Tangu mwaka 1901 madaktari wa Mengo walianza kupokea wagonjwa wa malale, na ugonjwa huo ukaimaliza Busoga na visiwa vya ziwa, ukafuata pwani mpaka kwa Wasamia na Wajaluo. Hata kufikia mwaka 1920 yakisiwa watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa. Mwaka 1902, katika Entebbe, Mwitaliano Aldo Castellani aliona vijidudu vyenye kujikunja kama mikunga katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Vijidudu hivyo huletwa na mbung'o. Kwanza hukaa katika damu, na mgonjwa huwa na homa tu kama ya malaria. Baadaye huupita ule ukuta niliousema, vikaingia ubongoni, na hapo mtu hugeuka: hulala mchana, hukesha usiku, huwa mkali au mjinga, huwasahau watoto wake.

Ehrlich alikuwa na vijidudu hivi Frankfurt, ndani ya panya. Mwaka 1904, yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga, walipata rangi nyekundu iliyowaponya panya wa aina moja ya ugonjwa huo. Kisha Waingereza wa Liverpool wakatangaza mwaka 1905 dawa yenye aseniki iitwayo Atoxyl. Robert Koch mwenyewe aliileta Uganda mwaka 1906, akapiga kambi katika visiwa vya Sese na kuwatibu watu mamia kwa mamia. Mwanzo ilikuwa furaha. Wagonjwa waliobebwa kwa machela wakaanza kutembea. Baada ya miezi ugonjwa ukawarudia, Koch akaongeza kipimo, na zaidi ya watu 20 wakapofuka kabisa, kwa kuwa aseniki ile iliiharibu mishipa ya macho. Hao walikuwa watu wa ziwa letu, na majina yao hayasomwi katika vitabu pamoja na jina la Koch.

Mwaka 1907 Ehrlich na mwenzake Alfred Bertheim walionyesha kwamba wote walikuwa hawajui Atoxyl ni kitu gani hasa. Walipoipata sura yake ya kweli, wakaweza kuibadilisha kidogo kidogo, dawa baada ya dawa, wakitafuta ile itakayomshika kijidudu bila kumshika mtu. Mwaka huo huo aligundua tena kwamba vijidudu huweza kuizoea dawa. Ndipo alipofundisha kupiga mara moja na kwa nguvu.

Kutoka katika rangi zile za Ehrlich ilikuja baadaye suramini, dawa isiyo na rangi, iliyoanza kutumika Afrika baada ya vita vya kwanza vya dunia. Inafaa sana malale ikiwa bado katika damu. Lakini suramini ni kubwa, haipiti ukuta. Mgonjwa ambaye vijidudu vyake vimekwisha kuingia ubongoni, ukimpa suramini umeisafisha nyumba na kumwacha mwizi chumbani. Kwa hiyo daktari lazima amchome mgonjwa sindano mgongoni, atoe maji, atazame. Ikiwa wamo, kwa miaka mingi pakawa na dawa moja tu ya kutegemea katika malale ya kwetu: melasoproli, aliyoitengeneza Ernst Friedheim mwaka 1949. Hii hupita, lakini ni aseniki iliyoyeyushwa katika maji mazito yanayochoma mshipa kama moto, na katika kila wagonjwa 20 waliopewa, yapata mmoja aliuawa na dawa yenyewe.

Wazee wa mpakani wanaikumbuka dawa hiyo. Katika miaka ya 1980 malale iliyowaka Busoga ilifika Tororo, wakati Busia ya Uganda ilipokuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Mbung'o walikaa katika vichaka vya lantana kando ya mito na hata karibu na nyumba, na ng'ombe walibeba vijidudu bila kuonekana wagonjwa. Katika Tororo kulikuwako shirika la utafiti wa malale la nchi zote tatu mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Baadaye hospitali ya pale ikajulikana kwa jina la LIRI. Upande wa Kenya ilikuwako Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia. Mpaka una forodha na askari, lakini mbung'o hawaonyeshi pasi.

Ndugu yake babu yangu alipatwa siku hizo. Nyanya husimulia kwamba alikuwa mtu mpole, fundi wa baiskeli. Akaanza kusinzia kazini, vipuri mkononi. Usiku alizunguka boma akiita majina ya watu waliokufa, na siku moja akamkimbiza mkewe kwa panga. Zahanati moja ikampa vidonge vya malaria mara tatu. Jamaa wakaamua ni kazi ya jirani waliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mbuzi wawili wakaenda kwa mganga, na mgonjwa akafungwa kamba katika nguzo ya nyumba kwa miezi. Aliyemwokoa ni mvulana wa ukoo aliyekuwa akisaidia watu wa kutega mbung'o. Alitazama tezi za shingo na ule usingizi wa mchana, akasema huyu apelekwe akapimwe damu na maji ya mgongo. Alidungwa melasoproli, akalia kwa uchungu, lakini akarudi nyumbani na akili zake, akatengeneza baiskeli miaka mingine 11. Yule jirani hakuombwa radhi mpaka alipokufa, na watoto wake hawaji katika harusi zetu.

Nimeitaja habari hiyo kwa kuwa mtu akigeuka tabia ghafula, kwetu bado huanza kutafutwa mchawi kabla ya kutafutwa darubini. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya. Tena tangu 2024 shirika hilo limeshauri dawa mpya kwa malale ya aina yetu, feksinidazoli, iliyojaribiwa Malawi na Uganda. Ni vidonge vya kumeza siku 10 pamoja na chakula, havina aseniki, na hupita ukuta.

Yaliyobaki ya maisha ya Ehrlich nitayapitia upesi, kwa kuwa ndiyo yaliyoandikwa sana. Alipata kuugua kifua kikuu, akaenda Misri kwa muda ili apone, na hiyo ndiyo Afrika pekee aliyoiona. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mrusi Metchnikoff kwa kazi ya kinga ya mwili. Mwaka 1909 msaidizi wake kutoka Japani, Sahachiro Hata, aliipima upya dawa ya namba 606 katika zile za aseniki, akakuta inaponya kaswende. Ikauzwa kuanzia 1910 kwa jina la Salvarsan. Dunia ilimshangilia, kisha wengine wakamtukana na kumzulia, mpaka kesi ikafika mahakamani Frankfurt mwaka 1914, na aliyemzulia akafungwa. Alikuwa amechoka. Alivuta sigara nene 25 kwa siku, chakula akisahau, na maagizo ya kazi akiwaandikia wasaidizi wake kila asubuhi katika vikaratasi vya rangi mbalimbali.

Alifariki tarehe 20 Agosti, 1915, katika mji wa Bad Homburg, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi Frankfurt. Wanazi walipotawala, jina lake liliondolewa katika barabara iliyokuwa mbele ya maabara yake, kwa sababu ya kabila lake tu. Mjane wake, Bibi Hedwig, alikimbilia Uswisi na kisha Marekani, akafa huko mwaka 1948. Barabara ile ilirudishiwa jina baada ya vita.